Rangi Mbili za Sebule ya Mkolani

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la rangi pale karibu na Makoroboi linajaa mpaka watu wanapumuliana visogoni. Ni siku ambayo kila aliyejenga Mwanza anakumbuka kuta zake. Mafundi walikuwa wanang'ang'ania rola na msasa. Mama mmoja mnene alikuwa ameikalia ndoo ya lita ishirini kama kigoda cha jikoni kwake. Nyuma ya kaunta alisimama Hiral, binti wa mwenye duka, amevaa gauni la Kipunjabi la njano na miwani imemshuka puani, anaita majina ya wateja kwa sauti ya kuishinda ile mashine ya kuchanganyia rangi.

Teodora alikuwa amefika kutafuta rangi ya kulinganisha na pazia la mteja wake. Alikuwa mshonaji wa mapazia, ana chumba chake hapohapo Makoroboi, cherehani mbili na meza ya kukatia. Siku hiyo alivaa sketi ya kitenge cha kahawia chenye vidoti vyeupe, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, maana aliisahau. Kitabu cha rangi kilikuwa kimoja tu juu ya kaunta, na kilikuwa mikononi mwa mwanaume mmoja mrefu mwenye ovaroli lenye madoa ya grisi. Alikuwa anafunua, anafunga, anafunua tena.

"Kaka, hicho kitabu umekishika robo saa," Teodora akamwambia. "Wenzako tunakisubiri."

"Samahani, dada. Nikiangalia hii naona inafaa. Nikigeuza ukurasa, na hii nayo inafaa."

"Na hiyo ya chini yake?"

Mwanaume akaiangalia kwa makini kabisa. "Nayo inafaa."

Teodora akacheka. "Basi wewe hutafuti rangi, unatafuta amani."

Jina lake lilikuwa Mayala, fundi wa majokofu, yale makubwa ya kuhifadhia samaki kule Kirumba. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu Mkolani, amejenga kidogo kidogo kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na sasa ilikuwa imebaki plasta na rangi.

"Dirisha la sebule linaangalia wapi?" Teodora akamuuliza.

"Mbele."

"Mbele wapi, kaka? Linakotoka jua au linakozama?"

Mayala akafikiri, akazungusha mkono hewani kama mtu anayejenga nyumba upya kichwani. "Linakozama."

"Chumba kinachochomwa na jua la jioni kinataka rangi ya kupoza macho. Hii hapa." Akaweka kidole kwenye bluu nyepesi, ile ya ziwa saa mbili asubuhi kabla upepo haujaamka.

"Basi bluu."

"Haraka hivyo?"

"Si umesema wewe?"

Hiral akainua macho juu ya miwani. "Dada, njoo uajiriwe hapa. Huyu kaka amekuja mara tatu wiki hii, hajanunua hata brashi."

Mayala hakununua rangi siku hiyo, kwa kuwa kuta zilikuwa bado hazijapigwa plasta. Alichoondoka nacho ni namba ya simu ya Teodora, akisema ni kwa ajili ya mapazia.

Mapazia yenyewe hayakutajwa mpaka mwezi wa pili tangu wajuane. Mengine yalitajwa. Jumapili baada ya misa walikaa kando ya ziwa kwa mama mmoja anayekaanga sato, samaki mzima anajaa sahani na mkia unatoka nje. Mayala alikuwa anamtolea miba Teodora bila kuambiwa. Usiku simu zilikuwa ndefu.

"Fundi wa barafu, umelala?"

"Ningelalaje hujanisumbua?"

"Hivi ukiambiwa uchague, mimi au jokofu la tani mbili la sangara?"

"Jokofu lina dhamana ya mwaka mmoja, mpenzi. Wewe ukiharibika nakurudisha wapi?"

"Unirudishe Sengerema kwa baba yangu, mzee Revocatus. Uone kama utatoka na miguu yote."

Kilichomvuta Teodora hasa ni wema wa yule kijana. Jirani akiharibikiwa friji Jumapili, Mayala anaacha chakula anakwenda. Mtu akimwomba koti, anavua. Katika maisha yake Teodora alikuwa amekutana na wanaume wengi wa "hapana", kuanzia baba yake, na huyu alikuwa wa kwanza mwenye kinywa kilichojaa "ndiyo". Akaona amepata.

Barua ya posa ilivuka kwa kivuko cha Kamanga mwezi wa tano. Mzee Revocatus akaisoma mara mbili, akataka ng'ombe kumi na wawili, na upande wa Mayala wakakubali wote bila kupunguza. Siku ikapangwa: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane ng'ombe watashushwa Sengerema, na harusi itafuata. Teodora akaanza kushona mapazia meupe yenye ukingo wa bluu, usiku usiku, baada ya kazi za watu.

Sasa, Mayala alikuwa na dada yake mkubwa, Wilhelmina, mama wa makamo anayelima mpunga Usagara. Mama yao alipofariki Mayala akiwa na miaka tisa, Wilhelmina ndiye aliyemlea, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa alipostahili. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Wasukuma wanalijua bila kuelezwa. Ng'ombe walioletwa siku Wilhelmina alipoolewa hawakuuzwa. Waliwekwa, wakazaana, na hao ndio watakaotoka zizini kwenda kumwolea kaka yake mke. Kwa hiyo Wilhelmina alipofika Mkolani siku moja na gunia la mchele, akaikuta sebule ina plasta mbichi, aliingia kama mtu anayeingia kwake.

"Hapa upake pichi, ile ya machungwa hafifu," alisema, ameshika kiuno. "Nyumba ya maharusi iwe na joto. Niliona kwa mke wa katekista, ukiingia unajisikia umekaribishwa."

"Ndiyo, dada."

"Siyo unaniitikia tu."

"Pichi ni nzuri, dada. Nitapaka pichi."

Jioni hiyohiyo Teodora akapiga simu. "Mpenzi, plasta imekauka? Mapazia yamebaki pindo tu. Bluu ni ileile, eh?"

"Ileile, mama."

Mayala hakuwa mwongo wa kupanga. Neno likifika masikioni mwake alikuwa anaona jinsi yule mtu atakavyoumia akikataliwa, na kabla maumivu hayajaanza yeye amekwisha kuitikia. Sasa alikuwa na bluu mdomoni na pichi mdomoni, na fundi rangi, Obedi, anangoja Mkolani kwa siku ya pili amekaa juu ya ngazi bila kazi.

Akaenda kwa Hiral akanunua ndoo mbili, bluu moja, pichi moja. Akamkuta Obedi anakula muhogo.

"Tuanze na ipi, bosi?"

Mayala akaziangalia ndoo mbili zilizokaa sakafuni vifuniko wazi. "Changanya," akasema.

Obedi akaacha kutafuna. "Nichanganye nini?"

"Zote mbili, kwenye pipa. Kila mmoja ataona yake kidogo."

"Bosi, mimi nina miaka kumi na nane na brashi. Hizi hazisikilizani. Weka pichi sebuleni, bluu chumbani. Au bluu ukuta mmoja."

"Sebule ndiyo wanayoitaka wote. Changanya tu, Obedi, nakuomba."

Obedi akachanganya. Alikoroga kwa mti mpaka bega likamuuma, akitarajia pengine itageuka. Haikugeuka. Ilitoka rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji, na ukutani ilipokauka ikazidi: sebule ikawa kama imepakwa maji ya kuoshea masufuria. Hata mchana ukiingia ulidhani mvua inakuja.

Jumapili iliyofuata Mayala alikuwa amepanga Teodora aje saa nane na dada aje Jumatatu. Lakini Wilhelmina alipata usafiri wa bure wa gari la kanisa, akaja Jumapili. Wakakutana mlangoni, Teodora na furushi la mapazia kichwani, gauni la kijani la misa bado mwilini. Wilhelmina na kanga ya Kwaya ya Mtakatifu Sesilia kiunoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, wifi. Pita, pita, leo tunaangalia nyumba."

Wakaingia pamoja. Wakasimama katikati ya sebule. Mayala alikuwa pembeni, ameshika kitambaa, anafuta swichi ya taa ambayo haikuwa na uchafu.

Wilhelmina ndiye aliyeanza. "Mayala. Hii ndiyo pichi?"

Teodora akamgeukia. "Pichi gani, dada? Hapa ni bluu. Tulikubaliana bluu tangu siku ile dukani."

"Nani alikubali? Mimi ameniambia pichi kwa mdomo wake, amesimama hapohapo aliposimama."

Wanawake wawili wakaangaliana, kisha wakamwangalia yeye.

"Nilitaka muwe mmeridhika wote," Mayala akasema kwa sauti ndogo.

"Na hii nani ameridhika nayo?" Wilhelmina akauliza. Halafu, kwa kuwa aibu ilimpanda, na mtu mwenye aibu hutafuta mahali pa kuitua, akamgeukia Teodora. "Lakini na wewe wifi, mtu hajaingia ndani ameshapanga kuta. Ng'ombe walionitoa mimi kwa baba yangu ndio watakaokuleta wewe hapa. Kwa hiyo neno moja kwenye nyumba hii sina?"

"Dada, ningeambiwa una neno ningekuja Usagara tukaongea. Sikuambiwa." Teodora aliliweka furushi chini, akalifungua, akatoa pazia moja, akalishikiza ukutani. Pazia jeupe lenye ukingo wa bluu, juu ya ule ukuta, likaonekana kama bandeji. Akalikunja taratibu, kona kwa kona, akalirudisha. "Mayala, ulikuwa unanijibu au ulikuwa unaninyamazisha?"

Mayala akarudi kufuta swichi. Teodora akabeba furushi lake, akatoka akapanda bajaji, na Mayala akabaki anamwangalia dada yake, asijue amfuate yupi, mpaka bajaji ikawa imeshapinda kona.

Wiki mbili simu ya Teodora haikupokelewa. Mayala alipiga asubuhi, mchana, akiwa ndani ya majokofu meno yanagongana. Alituma ujumbe mpaka vidole vikauma. Wiki ya pili aliacha kwenda kazini siku tatu. Alipiga msasa kuta zote yeye mwenyewe, vumbi likamjaa kope, akaweka praima, ile rangi ya chini, akapaka bluu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Obedi alipita akamkuta juu ya ngazi ametapakaa bluu mpaka masikioni, akacheka, akachukua brashi akampakia kona za dari bila kudai kitu. Jumatano jioni Mayala akapiga picha, akaituma, akaandika: *Njoo uione kwa macho yako.*

Teodora aliiangalia ile picha akiwa kwenye cherehani. Alijiambia haendi. Saa kumi ya Alhamisi alikuwa Mkolani.

Jua lilikuwa linaanza kuingia kwa lile dirisha. Mwanga ulipogusa bluu, ukali wake ukapungua, sebule nzima ikatulia. Teodora alivua viatu mlangoni asichafue sakafu, akatembea katikati, akazunguka polepole.

"Umepaka mwenyewe?"

"Usiangalie nyuma ya mlango. Pale mkono ulichoka."

Akaangalia nyuma ya mlango, akacheka, na kicheko kikageuka machozi kabla hakijaisha. Mayala akamkumbatia na ovaroli lake la rangi. "Unaniharibia gauni," Teodora akasema kifuani kwake, lakini hakujitoa. "Fundi wa barafu, umenikondesha."

"Na mimi uniangalie, nimebaki misumari tu."

"Keshokutwa ng'ombe wanashuka. Baba amechimba mashimo ya kupikia. Shangazi zangu wote wamekuja."

"Najua, mama. Gari limepatikana, kumi na wawili wanaenea."

Basi walikuwa wamesimama hivyo simu ya Mayala ikaita. Akaiangalia. "Ni dada," akasema, akatoka nje barazani. Madirisha yalikuwa na nondo tu, vioo bado, na sauti ikaingia kama yupo ndani. Alizungumza Kisukuma, lugha ambayo hakuwahi kumsikia Teodora akiisema.

"Shikamoo, dada. Ndiyo. Ndiyo, imekwisha... Hapana, ya bluu... Hapana, siyo mimi, dada, ni yeye aliyeng'ang'ania, nifanyeje. Subiri kwanza aingie ndani. Harusi ikiisha tutapaka ile yako. Ndiyo. Atakuwa ameshaingia, hatakuwa na la kusema."

Aliporudi, Teodora alikuwa amesimama palepale, mikono ameining'iniza.

"Dada anasemaje?"

"Anakusalimia tu."

"Mayala, sisi Sengerema sokoni tunanunulia dagaa kwa Kisukuma."

Mayala akamsogelea. "Nilikuwa namtuliza, mpenzi. Sitapaka kweli."

"Basi unamdanganya yeye."

"Simdanganyi, ila..."

"Basi unanidanganya mimi. Ni mmoja wetu."

"Teo, nawapenda wote wawili."

"Sikukuuliza unampenda nani." Hakupandisha sauti. "Sikia. Mpigie sasa hivi. Mwambie, dada, sebule ni ya bluu na itabaki ya bluu, na ni mimi ninayesema, siyo Teodora. Akitukana mimi nitakwenda Usagara kwa magoti kumwomba msamaha, nitamlimia mpunga. Lakini wewe useme. Mimi nangoja hapa."

Mayala akaishika simu. Akalitafuta jina, akalipata. Kidole gumba kikasimama juu yake. Teodora alikitazama kile kidole, na moyo wake wote ukawa umekaa juu ya ukucha ule. Nje mtu alipita na baiskeli anapiga kengele, mbuzi wakalia. Kidole hakikushuka.

"Kesho," Mayala akasema. "Leo amechoka, ametoka shambani. Kesho asubuhi, nakuapia."

Teodora akaenda mlangoni, akavaa viatu vyake, kimoja, cha pili, akafunga vikanda bila haraka, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Kisha akatoka.

Alimpigia baba yake akiwa bado barabarani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Wageni wa Jumamosi, baba. Mtumie mshenga ujumbe wasije. Na wakija, wapewe chai, waheshimiwe. Ila ng'ombe wasishushwe kwenye gari."

Mzee Revocatus akashusha sauti. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Pombe?"

"Hagusi, baba."

"Sasa mwanangu, mashimo yamechimbwa, shangazi zako wamejaa nyumba. Mtu wa namna hiyo unamwachia lipi? Nitawaambiaje watu?"

Teodora akajifuta uso kwa kiganja. "Waambie nimemwomba neno moja, nikamsubiri mpaka nikavaa viatu."

Ng'ombe kumi na wawili wakabaki zizini. Shangazi wakala wali waliokuja kuula, wakanung'unika, wakavuka kurudi makwao. Huko Makoroboi, Teodora aliyapunguza yale mapazia, akamuuzia mwalimu mmoja wa Nyegezi ambaye madirisha yake yalikuwa madogo.

Mwezi mmoja ulipopita, Wilhelmina akaja Mkolani. Alikuta mlango umeegeshwa, kaka yake amekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kile kimoja tu kilichokuwemo. Jua la jioni lilikuwa limeingia. Wilhelmina akasimama kizingitini, akaangalia kuta zote nne, akasogea akaugusa mmoja kwa kiganja.

"Mbona imependeza," akasema.

Mayala akaendelea kutazama sakafu.

"Joto lote limeachwa nje. Yule binti anajua anachokiona." Akageuka. "Kwa nini hukuniambia unaitaka hii?"

"Niliona utaumia, dada."

"Ningeumia. Ningenuna siku mbili. Ya tatu ningekuletea mchele kama nilivyokuletea leo." "Mimi nimekulea, Mayala. Hapana moja ingeniua?"

Akaingia jikoni akauweka mchele, akarudi akijifunga kanga upya. Alimtazama yule mtoto aliyemwogesha, sasa ana mvi mbili tatu juu ya sikio, na akajilazimisha kuuliza jambo dogo ili wapite mahali pale.

"Sasa utaiacha hivihivi, au utapaka ile ya pichi?"

Mayala akauangalia ukuta.

"Vyovyote utakavyosema, dada."

Wilhelmina akachukua mkoba wake, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za baraza amempa mgongo, na safari hii hakumwambia la kufanya.